Mchezaji Aitwaye Sindano

12 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na ile baridi ya ofisini kwenu uliyokuwa ukiilalamikia imepata dawa. Sisi huku hatujambo. Bibi uvimbe wa miguu umepungua, lakini maumivu yamehamia mgongoni. Kila nikitoka shule ananisomea sehemu mpya inayouma kama msomaji wa taarifa ya habari. Baba yuko salama. Wiki hii anatengeneza lifti za jengo la ghorofa kumi na nne. Anarudi na grisi mpaka nyuma ya masikio, anakula akiwa amesimama, kisha anaomba simu yangu.

Hapo ndipo ilipo shida yangu, na ndiyo sababu unapata barua ya karatasi kama watu wa zamani. Nikikuandikia kwenye simu, baba ataisoma kabla yako. Ile programu ya Mlezi mnayoitengeneza huko kazini kwenu inamwonyesha kila ninachoandika, saa niliyoandika, na hata nilichofuta. Mwalimu wa maktaba amekubali nitumie anwani ya shule. Nimemwambia ni mazoezi ya uandishi wa barua, na si uongo mkubwa sana.

Kuna mchezo naucheza, unaitwa Daraja. Kuna bonde, maji yanapanda, na wachezaji wawili kila mmoja yuko upande wake. Mnajenga kwa mbao na kamba mpaka mkutane katikati. Hakuna bunduki wala damu. Mtu akianguka anatoka majini amelowa, anaanza upya. Baba amenipa dakika arobaini kwa siku na anasema hata hizo ni nyingi. Nilimwambia mchezo huu unafundisha hesabu za uzito. Akanijibu, "Hesabu za uzito njoo nikufundishe kwenye lifti. Huko ukikosea hutoki umelowa." Kusema kweli nilicheka, na yeye alitaka kucheka ila akajizuia.

Wazazi wanauongelea mchezo wa kompyuta kama jirani ambaye hawajawahi hata kumsalimia. Wana hakika ni mtu mbaya, lakini ukiwauliza amefanya nini, wanasema, "Mimi nimekwambia."

Naomba uzungumze naye aniongezee muda. Na nina swali moja. Mlezi inasoma maneno ambayo wachezaji wawili wanaandikiana ndani ya mchezo, au inahesabu dakika tu? Mengine usipoyajibu sitakasirika, ila hili nijibu.

Mwanao,
Chiriku


5 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako ilikaa mapokezi siku sita kwa sababu hakuna mtu aliyedhani kwamba bado kuna barua duniani. Mimi ni mzima. Baridi ya ofisini iko palepale. Mitambo inataka baridi, na sisi tunaishi kwa matakwa ya mitambo. Mwambie Bibi aache kukaa kwenye kile kigoda, akae kwenye kiti chenye mgongo. Nilimwambia tangu mwaka juzi.

Nimecheka kuhusu jirani asiyesalimiwa. Nikuambie siri. Tulipokuwa wadogo, karibu na nyumbani palikuwa na chumba cha michezo chenye mashine nne, moja ikiwa na kioo kilichopasuka. Baba yako alikuwa bingwa wa mashine ya magari. Herufi zake za kwanza zilikaa juu ya orodha karibu mwaka mzima. Siku moja babu yako aliingia, akamshika sikio, akamtoa mbele ya watu wote, na kufika nyumbani hakumpiga, ila hakumsemesha kwa wiki mbili. Baba yako hakurudi tena pale. Akikuona umeinamia skrini, sijui anamwona nani.

Mimi siamini kwamba michezo inaharibu watoto. Ofisini kwetu nusu ya wanaoandika sheria za Mlezi hawana mtoto hata mmoja, na wakati wa chakula cha mchana wanacheza michezo mibaya kuliko yote wanayoizuia. Lakini siamini pia kwamba mtoto aachwe mtandaoni peke yake. Nimeona mambo kazini ambayo sitakuandikia.

Nitazungumza na baba yako kuhusu muda. Swali lako la pili sitalijibu mpaka uniambie kwa nini unaliuliza. Unaandikiana na nani?

Shangazi yako


26 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Bibi amekubali kiti chenye mgongo, ila anakitumia kuwekea nguo za kupiga pasi. Asante kwa kuzungumza na baba. Ameniongezea dakika ishirini na mahubiri ya saa nzima.

Tangu nimesoma habari za mashine ya magari namtazama baba kwa jicho jingine. Juzi nilimuuliza, "Baba, uliwahi kucheza mchezo wowote?" Akasema, "Nilikuwa na kazi za kufanya." Sikumbishia.

Umeuliza naandikiana na nani. Ni mchezaji mmoja tu. Anajiita Sindano. Alinitafuta yeye, mwezi wa kumi na moja, kwa jina langu la Chiriku. Ni mwanamke, naamini hivyo. Hajui kucheza hata kidogo. Anaachia kamba kabla sijafunga upande wangu, tunaanguka wote, na yeye anaandika, "Pole. Mikono yangu imezoea kushika watu, haijazoea kamba." Wengine wangemkimbia. Mimi namsubiri. Kila siku anaingia saa kumi na nusu kamili, na nikichelewa namkuta amesimama ukingoni kwake, hajajenga chochote.

Ananiuliza kama nimekula. Ananiuliza kama nalala vizuri. Mvua zilipoanza aliniuliza kama sikio la kushoto bado linanisumbua.

Hajawahi kuniomba picha. Hajaniuliza nasoma wapi wala nakaa wapi.

Swali jingine. Nambari ya mtu ikizuiwa na Mlezi, huyo mtu anaambiwa amezuiwa? Au anapiga tu, inaita, na anadhani hatutaki kupokea?

Chiriku


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sina salamu ndefu leo, kwa hiyo nisalimie Bibi na unisamehe.

Acha kuandikiana na mtu huyo. Sikuombi, nakuagiza. Mtu mzima anayemtafuta mtoto kwa jina, anaingia saa ileile kila siku, anauliza umekula nini na unalala vipi, huyo tunamfahamu kazini. Tuna mafaili ya watu kama hao. Huwa hawaanzi na picha. Huanza na upole. Huweza kusubiri mwaka mzima.

Hilo la sikio linaweza kuwa la kubahatisha. Watoto wengi huumwa masikio. Pengine uliwahi kulitaja ukasahau. Usimpe jambo jingine lolote la nyumbani, wala usimtegee maswali ili umjue ni nani. Ondoka kwenye huo mchezo kabisa kwa mwezi mmoja. Usipofanya hivyo nitamwambia baba yako, na sitaki kumwambia, kwa sababu unajua atakavyolipokea.

Kuhusu nambari kuzuiwa: inategemea na mipangilio. Sioni kwa nini hilo likushughulishe.

Shangazi


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Bibi anakusalimu. Baba hakusalimu kwa sababu hajui kama nakuandikia.

Sikuacha kucheza. Pia hukuhitaji kumwambia, maana Mlezi yenu imemwambia.

Ilikuwa Jumatano wiki iliyopita, hatukuwa na shule. Saa saba mchana nikasikia ufunguo mlangoni. Baba harudi mchana hata akiumwa. Aliingia na ovaroli, na mkanda wa usalama bado umefungwa kiunoni. Ametoka juu ya shimo la lifti akashuka moja kwa moja. Akasema, "Simu." Nikampa. Akaiweka mezani pamoja na yake, na yake ilikuwa na maandishi mekundu: mtu mzima asiyejulikana anawasiliana na mtoto mara kwa mara.

Alinisomea maneno ya Sindano kwa sauti, moja baada ya jingine. Ukiyasikia yakisomwa na mtu mwenye hofu, Shangazi, yanatisha kweli. Umekula? Umelala? Leo ulichelewa, nilipata wasiwasi.

"Huyu ni nani?"

"Mchezaji."

"Ana umri gani?"

"Sijui."

"Amejuaje habari za sikio lako?"

Nilitegemea atapiga meza. Akakaa chini, akataka kufungua ule mkanda, vidole vikakataa. Nilimsaidia mimi. Akasema polepole, "Kuna watu wanaiba watoto kwa maneno matamu, mwanangu. Nikikupoteza wewe, mimi nimebaki na nini?" Ingekuwa rahisi angenifokea.

Halafu akafungua mipangilio mbele yangu ili nione kwa macho anavyomzuia Sindano. Kuna ukurasa unaitwa Waliozuiwa. Nilidhani utakuwa mtupu. Una nambari tatu. Zote zilizuiwa siku moja, mwezi wa nane, miaka miwili iliyopita, wiki ya pili baada ya mama kuondoka. Na chini ya kila nambari pameandikwa: imezuiwa na msimamizi wa pili. Jina la msimamizi wa pili ni lako.

Nambari ya juu kabisa naijua kwa kichwa. Nilifundishwa nikiwa na miaka sita, ili nikipotea sokoni niweze kumtajia mtu. Ni ya mama.

Miaka miwili niliambiwa, "Mama yako ana mambo yake huko." Nikimpigia mimi alikuwa hapatikani, na siku ya kuzaliwa kwangu nilikuwa nikiweka simu juu ya mto nikimsubiri. Nilipomuuliza Bibi, alisema niache kuuliza. Nilipokuuliza wewe, mwaka jana ulipokuja, ulisema, "Akiwa tayari atapiga." Ulikuwa unakata kucha zangu. Nakumbuka hukuinua kichwa.

Sindano ni mama. Nilijua tangu siku ya tatu. Sikumwambia kwamba najua, na yeye hakuniambia, kwa sababu nadhani sote tulielewa kwamba kuna mtu anasoma.

Sasa baba amechukua simu na anasema ataripoti polisi. Mama anasimama ukingoni peke yake na hajui kwa nini sitokei.

Ulijua?

Chiriku


13 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi mmoja na siku nne zimepita tangu nikuandikie. Mwalimu wa maktaba ameacha kuniuliza kama mazoezi ya barua yanaendelea. Sasa ananiangalia tu na kutikisa kichwa kabla sijafika mezani kwake.

Bibi ameanza kutembea na fimbo na anasema ni ya muda. Baba amepungua. Anakwenda kazini na simu mbili mfukoni, yake na yangu.

Ameshapeleka maelezo polisi, na ameambiwa kuna afisa wa mambo ya mtandao atakayemsikiliza Jumatatu, tarehe nane Juni. Watamtafuta Sindano mpaka wampate. Mama ni muuguzi. Wakienda kazini kwake kumuuliza kuhusu kumwandama mtoto mtandaoni, hata wakigundua ni mama yangu, nani atasahau kwamba walikuja?

Sijamwambia baba. Ninaogopa nikimwambia atamzuia vizuri zaidi. Niambie la kufanya, au niambie kwamba hutaniambia.

Chiriku


27 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimeandika barua hii mara tano. Nne nimezichana.

Nilijua. Nilijua pale uliponiandikia habari za sikio la kushoto, na nilikuandikia ile barua ya ukali nikiwa najua. Usiitetee kwa niaba yangu.

Mama yako alipopata kazi kule mbali, alikubaliana na baba yako kwamba utamfuata mwaka wa shule ukiisha. Hilo nalo nadhani hukuambiwa. Alipoondoka alikuwa anapiga kila siku, na kila baada ya simu ulikuwa unalia na kukataa kula. Baba yako alinipigia hapa kazini. Sijawahi kumsikia vile tangu siku ile babu yako alipomtoa kwa sikio kwenye chumba cha michezo. Alisema, "Nisaidie wiki mbili tu, mtoto atulie." Mlezi ilikuwa mpya wakati huo, tulikuwa tunaijaribu kwa ndugu zetu. Nikaifunga kwenye simu yako kutokea hapa nilipokaa. Nikaingiza nambari zake tatu. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Wiki mbili zikapita, sikuzifungua. Baba yako hakuniomba, na mimi sikumkumbusha. Baadaye ikawa kuzifungua ni kukiri kwamba zilifungwa.

Hilo si baya kuliko yote. Mama yako alinipigia mimi. Nilikuwa wifi yake na tulipendana, alinifungia nywele siku ya mahafali yangu. Aliniuliza kwa nini hupokei. Nikamwambia, "Mtoto hataki kuongea kwa sasa. Mpe muda." Nimemwambia hivyo mara nne katika miaka miwili. Mara ya nne, mwezi wa kumi mwaka jana, hakuniomba chochote. Aliuliza tu, "Siku hizi anapenda nini?" Nikamwambia kuna mchezo nimeuona kwenye Mlezi, unaitwa Daraja, kwamba humo wewe hutumia jina lako la utani, na kwamba kila neno linasomwa. Sijui kwa nini nilimwambia. Kati ya yote niliyowahi kumwambia, hilo peke yake lilikuwa kweli.

Huwa nawaambia watu kwamba programu haina ubaya wala wema, inafanya inachoambiwa. Mimi ndiye niliyeiambia.

Ningeweza kuzifungua nambari hizo sasa hivi. Nimefungua ule ukurasa mara nyingi. Lakini kwa kufanya hivyo nitakuwa nimebonyeza kitufe baba yako asijue, kama nilivyokufanyia wewe. Nimeomba ruhusa kazini. Nitafika kwa basi Ijumaa ya tarehe tano Juni, nimwambie yote uso kwa uso kabla ya hiyo Jumatatu. Usimwambie kitu kabla sijafika. Atahitaji mtu mzima wa kumtupia hasira, na mimi ndiye anayestahili.

Sikuombi unisamehe kwa barua.

Shangazi yako


1 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naituma hii kwa barua ya haraka. Usije. Nimeshamwambia.

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliisoma kati ya makabati ya vitabu, nikaisoma tena nikitembea barabarani, nikapitiliza nyumbani mpaka kwenye kituo cha mafuta. Nilikuwa na hasira na wewe mpaka nilihisi meno yanauma. Kilichonikasirisha zaidi ni yale maneno ya mwisho, usimwambie kitu kabla sijafika. Hata sasa mlikuwa mnapanga ninyi, na mimi nikae kimya nisubiri.

Jumamosi asubuhi Bibi alikwenda kliniki na jirani. Baba alikuwa jikoni anasafisha bisibisi zake kwa kitambaa, moja moja, kama anavyofanya akiwa na mawazo. Nikaandika nambari ya mama kwenye kipande cha karatasi, nikakisukuma mbele yake.

"Hii ni nambari ya nani?"

Aliitazama muda mrefu. "Umeitoa wapi?"

"Kichwani. Ninyi wawili ndio mlionifundisha."

Akaendelea kufuta bisibisi iliyokwisha kuwa safi. Nikasema, "Sindano ni mama."

Sikumwona akishtuka. Alikaa tu, na ile bisibisi mkononi, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesikiliza mlio wa mashine ili ajue ilipoharibika. Nilikuwa nimeandaa majibu ya kila kitu ambacho angesema. Hakusema hata kimoja kati ya hivyo. Aliuliza, "Anachezaje?"

"Vibaya. Anaachia kamba mapema. Tumeanguka zaidi ya mara mia."

"Amejifunzia wapi? Hata karata alikuwa hawezi kuzishika mkononi."

"Amejifunza kwa sababu hamkumwachia mlango mwingine."

Hapo akaweka bisibisi chini. "Shangazi yako amekwambia?"

"Nimeona mwenyewe, siku ile uliponionyesha. Shangazi amethibitisha."

"Zilikuwa ziwe wiki mbili," akasema.

"Najua."

"Ulikuwa huli. Nilikuwa nakubeba kukupeleka kitandani kama mtoto mchanga, na ulikuwa na miaka kumi na tatu. Niliogopa ukiendelea kumsikia utaondoka."

"Ungeniuliza."

"Ungesema unaondoka."

"Labda. Lakini ungeniuliza."

Akainuka, akaenda kusimama kwenye ngazi za nyuma. Alikaa huko mpaka Bibi aliporudi. Sikumfuata. Nilikuwa nimechoka kama mtu aliyebeba magunia, na pia, Shangazi, nilikuwa namwonea huruma, jambo ambalo sikulipanga.

Jana alinirudishia simu. Ameifungua Daraja na kumwondolea Sindano kizuizi. Leo asubuhi amekwenda mwenyewe polisi kufuta maelezo yake, hakungoja tarehe nane. Aliporudi alisema walimuuliza kama ana uhakika, akawajibu kwamba mtu huyo anamfahamu. Baada ya hapo akakaa na mimi, tukafungua ukurasa wa Waliozuiwa. Nambari mbili zimefunguka. Ile ya juu, ambayo ndiyo mama anaitumia bado, imekataa. Inadai neno la siri la msimamizi wa pili; hiyo pekee uliiwekea kufuli. Baba alitaka kukupigia. Nikamwambia aache, nitakuandikia mimi.

Ifungue. Ukishaifungua, jiondoe na wewe kwenye orodha ya wasimamizi. Usinijibu kwa maelezo. Fanya tu.

Chiriku


4 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimefungua na nimejiondoa. Nimefanya hivyo saa nne na robo asubuhi ya leo, dakika kumi baada ya kuipata barua yako.

Uliniambia nisikupe maelezo, kwa hiyo nakupa habari tu. Kazini nimeomba kwamba mtoto akizuiliwa mtu, aonyeshwe kwenye simu yake ni nani amezuiwa na nani amemzuia. Mkuu wangu alisema wazazi hawatanunua kitu kama hicho. Nimeomba tena kwa maandishi. Jibu bado.

Baba yako alinipigia. Kabla ya kukata alisema, "Tuliogopa wote, lakini wewe ulikuwa na akili zaidi yangu."

Mgongo wa Bibi unaendeleaje?

Shangazi


15 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Bibi ameacha fimbo, anasema ilikuwa inamzeesha. Baba yuko salama. Wamempa jengo jipya lenye lifti za kioo, na anasema watu wakiona jinsi kamba zinavyofanya kazi wanapanda ngazi.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikujua niandike nini. Mama alipiga Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Juni, alasiri. Nilimwandikia ndani ya mchezo kwamba sasa simu iko wazi, na kabla sijaiweka chini ikaita. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilipopokea sikuweza kusema hata moja. Yeye pia. Nilimsikia anapumua na nilisikia magurudumu ya kitanda yakipita nyuma yake, nadhani alikuwa kazini. Mwisho akauliza, "Umekula?" Nikasema, "Nimekula, mama." Basi, ndipo tulipoanza.

Baba muda wote huo alikuwa kwenye korido anakaza bawaba za mlango ambazo hazikuwa zimelegea. Nilipomaliza aliomba simu. Aliongea naye sentensi tatu, nimezihesabu. Hujambo. Mtoto atakuja likizo ya Desemba. Nilikosea. Kisha akanirudishia simu na kuendelea na bawaba. Usifikiri mambo yamekuwa mazuri. Mama hamtaji baba, na baba akisikia simu inaita anatoka nje. Kuna siku namkasirikia mama pia, kwamba alikuamini wewe mara nne na hakupanda basi kuja kuniona. Nimemwambia hivyo. Alilia, kisha akasema nina haki.

Nimemwambia yote, pamoja na yaliyomo kwenye barua yako ya Mei. Sikuyapamba wala kuyapunguza. Halafu akaniomba anwani yako. Anasema ana jambo la kukuandikia na hataki kulisema kwenye simu. Nilimuuliza ni jambo gani. Akasema ni lenu ninyi wawili. Sauti yake sikuielewa. Sijui kama ana hasira au ni kitu kingine.

Sijampa. Nimemwambia angoje nikuulize wewe kwanza kama unataka kusikia kutoka kwake.

Kwa hiyo nakuuliza.

Chiriku